Geti Jeusi Lisilong'aa: Kuchagua Mng'ao wa Rangi ya Chuma kwa Nyumba za Kigoma

Mageti meusi yasiyong'aa yanapendeza, hilo halina ubishi. Bati nzito la chuma, weusi usiorudisha mwanga, nakshi chache za rangi ya dhahabu juu: picha za mageti hayo zinazunguka kwenye simu, na mwenye nyumba anayejenga Gungu au upande wa Mwandiga humfikia fundi akiwa ameshaamua. Shida inaanza pale kazi inapofanywa kama inavyofanywa mara nyingi, yaani mkono (mpako) mmoja mwembamba wa praima nyekundu, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, kisha mkono mmoja wa rangi nyeusi ya mati, yaani isiyong'aa, na geti linapakiwa kwenye gari jioni ileile. Kwa hali ya hewa ya Kigoma, mvua za msimu mmoja zinatosha kutoa machozi ya kahawia kwenye maungio. Kiangazi kinapofika, vumbi jekundu linakaa juu ya weusi ule na halifutiki.

Mng'ao wa rangi ya chuma huchukuliwa kuwa suala la macho tu. Kwangu mimi ni suala la maji kwanza, vumbi la pili, jua la tatu, na macho yanakuja baada ya hayo. Anayetaka geti jeusi lisilong'aa anaweza kulipata na likadumu, ila njia ya kulifikia ni tofauti na ile ya haraka. Nitaieleza, pamoja na grili, milango ya chuma na vyuma vingine vya nyumbani ambavyo kila kimoja kinastahili mng'ao wake.

Kinachofanya rangi ing'ae

Rangi ya mafuta ina vitu vinne: gundi inayokauka na kuwa ngozi, unga wenye rangi yenyewe, unga wa kujazia kama chaki au talki, na kimiminika kinachotoweka hewani rangi inapokauka. Katika glosi, gundi ni nyingi kiasi cha kufunika kila chembe ya unga. Uso unabaki laini, mwanga unarudi kwa mwelekeo mmoja, nasi tunaona mng'ao. Katika mati unga ni mwingi, au imeongezwa poda maalumu ya kuua mng'ao. Chembe zinajitokeza juu ya gundi, uso unakuwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa jicho, na mwanga unatawanyika. Nusu glosi iko katikati.

Kutokana na hapo mambo mengine yote yanafuata. Uso wa mati una vitundu, na maji ya mvua hukaa humo muda mrefu kuliko kwenye glosi ambako yanateleza. Unyevu na hewa vinapenya kwa urahisi zaidi hadi kwenye praima. Vumbi jekundu la Kigoma, ambalo ni laini sana, linaingia kwenye vitundu hivyo. Ukilisugua kwa kitambaa, unazilaza zile chembe zilizojitokeza, na pale uliposugua panaanza kung'aa. Ndiyo maana mageti ya mati huwa na mabaka yanayong'aa usawa wa kiuno na bega, mahali mikono na mabega ya watu yanapogusa kila siku.

Basi mbona watu wanapenda mati? Ukiacha mtindo, kuna sababu ya kweli ambayo mafundi wa kuchomelea wanaijua. Bati la milimita 1 au 1.2 likichomelewa kwenye fremu hujikunja kwa joto, na glosi inaonyesha kila wimbi, kila alama ya grainda, kila bonde. Mati inaficha. Nusu glosi nayo inaficha kwa kiasi kikubwa, bila kufungua mlango kwa maji kama mati. Kwa hiyo kwa geti la bati lililoko nje, chaguo langu la kwanza ni nusu glosi. Kwa grili za madirisha ya nje, ambazo ni nondo na vyuma bapa visivyo na uso mpana wa kuonyesha mawimbi, ni glosi kamili bila kusita. Ndani ya nyumba, kwenye fremu za milango, ngazi na vitanda vya chuma, nusu glosi inatosha na inapumzisha macho. Mati peke yake, juu ya praima, isiende nje.

Kwa anayeshikilia geti lake la mati, mpango ni huu: mikono miwili ya praima, mkono mmoja wa glosi nyeusi, uache ukauke walau siku mbili, upige msasa namba 240 hadi mng'ao wote ufe, kisha mkono mmoja wa mwisho wa mati. Glosi iliyofichwa katikati ndiyo inayozuia maji. Mati ya juu inabaki na kazi ya sura tu, na baada ya miaka michache ikichoka unaipiga msasa mwepesi na kuirudia bila kugusa kilicho chini.

Jambo moja linaloharibu kazi nyingi za mati na nusu glosi ni kutokukoroga. Ile poda ya kuua mng'ao ni nzito na hutuama chini ya kopo. Fundi akifungua, akachota juu na kuanza, upande wa kwanza wa geti utang'aa na upande wa mwisho utakuwa mkavu kama ubao wa shule. Koroga kwa kijiti bapa kinachofika chini kabisa, ukikwangua kitako cha kopo, dakika tano hivi, na urudie kukoroga kila unapopumzika. Kama kazi inahitaji makopo mawili, yamimine pamoja kwenye ndoo safi kabla ya kuanza. Tina, kile kimiminika cha kupunguzia uzito wa rangi, nayo iongezwe mara moja kwa kiasi kimoja kwa rangi yote, kwa sababu rangi iliyopunguzwa zaidi hubadilika mng'ao.

Chuma kabla ya rangi

Chuma kipya kutoka dukani kina adui wawili wasiotazamwa. Wa kwanza ni mafuta ya kiwandani yanayopakwa ili kisishike kutu njiani; paipu za mraba huwa nayo mengi. Wa pili ni lile gamba la bluu-kijivu linalotokea chuma kinapopitishwa kwenye moto kiwandani, ambalo huonekana zaidi kwenye vyuma bapa na vyuma vya pembe. Linaonekana gumu na zuri kupaka juu yake, lakini chuma kinavyopanuka kwa jua na kusinyaa usiku, gamba linaachia na kuondoka na rangi yote. Mafuta yaoshwe kwanza kwa kitambaa chenye tina, kisha kingine safi, maana kitambaa kimoja tu kinahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Gamba liondolewe kwa grainda yenye brashi ya waya au jiwe la msasa. Utaratibu ni mafuta kwanza, grainda baadaye. Ukianza na grainda unayasaga mafuta ndani ya mikwaruzo.

Kwenye maungio, gonga maganda ya kuchomelea, kata matone ya chuma yaliyorukia pembeni, na usugue ule ukungu mweupe au kahawia unaobaki kando ya ungio. Mabaki hayo yana kemikali zinazoila rangi ya mafuta, na ni sababu mojawapo ya kutu kuanzia kwenye ungio hata pale bati lote lingine likiwa zima.

Grili za zamani zina hadithi nyingine, na kwa Kigoma hadithi hiyo ni mawese. Dirisha la jiko linalopikiwa mawese kila siku lina utando wa mafuta usioonekana vizuri, na hakuna rangi inayoshika juu yake. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na kujifunga. Mafuta yanayotumika kuitengeneza, kama ya kitani au ya soya, yana sifa hiyo. Mawese hayakauki hivyo. Yanabaki mafuta mwaka mzima, na rangi iliyo juu yake inabaki laini, inanata, kisha inachubuka kwa kucha. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua kwa brashi ngumu, suuza mara mbili kwa maji safi, uache ikauke kabisa. Kipimo ni rahisi: mwagia maji. Yakitandaa sawasawa chuma ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta yapo bado.

Kwa wenye maghala ya chumvi ya Uvinza, au duka ambalo magunia yanaegemezwa kwenye mlango wa chuma, kuosha ni muhimu zaidi ya kupiga msasa. Chumvi inayobaki kwenye vishimo vya kutu inavuta unyevu kupitia ngozi ya rangi, na baada ya wiki chache unaona malengelenge madogo yenye maji ndani. Msasa hauitoi chumvi, unaisambaza. Maji safi, mengi, na brashi ndiyo yanayoitoa. Osha, sugua kutu, osha tena. Ziwa Tanganyika lenyewe lina maji baridi, kwa hiyo nyumba za Bangwe au Katonga hazina adui wa chumvi ya bahari kama za Dar es Salaam. Tatizo la ufukweni hapa ni unyevu wa asubuhi.

Kutu ya juujuu itoke kwa brashi ya waya na msasa namba 80, kisha 120 kulainisha. Kutu yenye magamba ipigwe nyundo ndogo au patasi kwanza, maana brashi ya waya huisugua hadi ing'ae bila kuiondoa, na ule mng'ao wa kutu humdanganya mtu. Usipake oili chafu ya gari kwa kusudi la "kuua kutu" kisha ukategemea rangi ishike juu yake.

Hapo kuna jambo la kweli ndani ya kosa, na historia ya ziwa letu inalieleza vizuri. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mafundi walipaka mitambo yake girisi nzito kabla ya kuitosa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mitambo ikaonekana bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Girisi ilikifungia chuma mbali na hewa na maji, na hiyo ndiyo kazi tunayoitaka kwa rangi. Tofauti ni kwamba girisi haishikani na rangi. Inabidi kuchagua moja.

Kama geti la zamani lina rangi iliyopakwa miaka mingi nyuma, hasa njano au nyekundu kali, usilisugue kavu. Rangi hizo mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Sugua kwa msasa wa maji, vaa barakoa, tandika turubai chini, kusanya tope lote na usilifagilie bustanini. Kwa rangi mpya, Shirika la Afya Duniani linahimiza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Nunua kopo lenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na maelezo yanayosomeka.

Praima, na pale inapokosewa

Praima nyekundu ya redoksaidi ndiyo inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na kwa chuma cheusi, yaani kisichopakwa zinki, kilichosafishwa vizuri inafaa. Ukipata praima yenye zinki fosfeti, ni bora zaidi kwa sababu inapigana na kutu kwa kemia, wakati redoksaidi kazi yake kubwa ni kuziba. Kwa vyovyote, iwe mikono miwili.

Kabla ya mkono wa kwanza mzima, chukua brashi ya inchi moja upake kingo zote, maungio yote na pembe zote peke yake. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kubaki nyembamba sana pale, na ndipo kutu inapoanzia. Kazi hii ya kingo inachukua chini ya saa moja kwa geti zima, na ndiyo inayotofautisha geti la miaka miwili na la miaka saba. Wapiga rangi kwa kompresa huiruka karibu wote, na ndiyo maana geti lililopigwa kwa kompresa likaonekana kama kioo huanza kuoza kwenye ncha.

Bati lililopakwa zinki ni kesi ya pekee. Rangi ya mafuta au redoksaidi ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake hujibizana polepole na zinki na kutengeneza aina ya sabuni chini ya rangi. Mwaka wa kwanza kila kitu ni kizuri. Baadaye rangi inatoka kwa mapande makubwa, na chini yake bati linang'aa kama jipya. Hakuna namna ya kulitibu hilo ila kukwangua yote. Nunua praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati yenye zinki, osha bati kwa sabuni, likwaruze kidogo, ndipo upake.

Saruji nayo inaila rangi ya mafuta kwa namna hiyohiyo. Fremu za grili zinazojengewa ukutani zipigwe praima mikono miwili pande zote kabla ya kufungwa, hasa sehemu itakayozama kwenye plasta. Ikishafungwa, hakuna brashi inayofika pale. Ule mstari wa kahawia unaoteremka ukutani chini ya kila dirisha katika nyumba nyingi unatoka kwenye chuma kilichojengewa bila praima, na kupaka ukuta upya hakuuondoi.

Kosa jingine ni kumalizia grili kwa rangi ya maji iliyobaki kwenye kuta. Maji yaliyomo yanaanza kutu kabla rangi haijakauka, na madoa ya kahawia huchomoza ndani ya siku chache.

Vipimo

Lita moja ya praima au rangi ya mafuta hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye chuma laini. Tumia 10, usijidanganye na 12. Kwa kiwango hicho unapaka unene wa sehemu ya kumi ya milimita ikiwa mbichi, na ikikauka inabaki karibu nusu yake. Fundi anayejisifu kwamba lita moja imemaliza geti zima hajaokoa rangi, amepunguza unene.

Geti la upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.2 lina mita za mraba 13.2 kwa pande mbili. Ukiongeza fremu na nguzo, hesabu 15. Kwa mkono mmoja hiyo ni lita 1.5, na upotevu wa brashi na rola ukifanya 1.7. Mikono miwili ya praima inaingia kwenye kopo la lita 4, na inabaki akiba kidogo ya kurudia michubuko. Mikono miwili ya nusu glosi, kopo jingine la lita 4. Kwa mpango wa mati nilioueleza, chukua lita 2 za glosi nyeusi na lita 2 za mati.

Grili huwachanganya watu kwa sababu kuna matundu mengi. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.5 lenye nondo za mraba za milimita 12 kila sentimita 12 hivi, vyuma vitatu vya kulala na fremu ya chuma bapa, lina eneo la kupaka lisilozidi mita za mraba 1.4 ukihesabu kila uso wa kila nondo. Madirisha manane ni kama 11. Nondo hupoteza rangi zaidi kuliko bati, ongeza robo, na unapata lita 1.4 kwa mkono mmoja. Kopo moja la lita 4 la glosi linatosha mikono miwili kwa nyumba nzima.

Tina kwa brashi: mililita 100 kwa kila lita ya praima mkono wa kwanza, 50 kwa lita ya rangi ya kumalizia, na usizidishe. Kwa kompresa inafika mililita 150 hadi 200 kwa lita, kulingana na mdomo wa bunduki, na hapo ujue unene unapungua, hivyo ongeza mkono mmoja. Tumia tapentaini ya madini au tina iliyotajwa kwenye kopo. Tina kali ya rangi za magari inaweza kuifanya glosi ya mafuta ijikunje, hasa ikiwa juu ya mkono ambao haujakomaa. Mafuta ya taa huchelewesha kukauka na kufifisha mng'ao. Petroli inakauka vibaya na inaweza kuchoma mtu.

Siku na saa ya kupaka

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Wengi husubiri Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, lakini wakati huo vumbi ni jingi na upepo wa mchana unalibeba moja kwa moja kwenye rangi mbichi. Naona muda mzuri kuliko yote ni mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Juni: mvua zimekata, ardhi bado ina unyevu kidogo, vumbi halijaamka. Ukilazimika kupaka Agosti, nyunyizia maji uwanja na barabara ya mbele saa moja kabla.

Chuma cha asubuhi kina umande hata usipouona. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa kibichi. Ikikauka ndani ya dakika kumi au kumi na tano, anza, ikikawia, subiri. Kwa kawaida hiyo ni saa tatu au nne asubuhi, na karibu na ziwa inaweza kuchelewa zaidi. Jioni acha saa tisa. Glosi inayokutwa na umande kabla ya kushika hupata ukungu wa kijivu na mng'ao haurudi. Unalazimika kupiga msasa na kupaka tena.

Jua ni adui wa upande wa pili. Mji wetu uko mashariki mwa ziwa, kwa hiyo nyumba inayotazama maji inapigwa na jua la alasiri bila kizuizi, na geti jeusi saa nane huwezi kuliwekea kiganja. Rangi ikipakwa juu ya chuma cha moto inafunga ngozi juu kabla tina haijatoka chini, kisha tina inatoboa na kuacha malengelenge na mikunjo. Upande unaotazama ziwa upakwe asubuhi, upande wa mashariki mchana. Kama geti linapakwa likiwa limelala karakana, lipelekwe kivulini.

Kwenye bati tumia rola ndogo ya sponji ya inchi nne, kisha pitisha ncha ya brashi kwa wepesi bila rangi mpya, kutoka chini kwenda juu, kufuta alama za rola. Kwenye grili anza na makutano ya nondo, kisha nondo za kusimama, mwisho fremu. Baada ya dakika kumi rudi ukatazame chini ya kila nondo ya kusimama, kwani matone hukusanyika hapo, na huu ndio wakati pekee ambapo brashi inaweza kuyafuta bila kuacha kovu.

Acha saa 24 kati ya mkono na mkono kwenye hewa kavu, na 48 kama kuna mawingu mazito. Glosi iliyokaa zaidi ya wiki moja isipakwe tena bila msasa namba 240, kwa sababu uso wake mgumu haushikani na mkono mpya. Vitambaa vilivyofutiwa rangi ya mafuta visirundikwe pamoja kwenye kona. Vinapokauka hutoa joto, na vikibanana vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje hadi viwe vikavu.

Rangi na joto

Nchi za baridi zina vyuma vya nyumbani ambavyo sisi hatuna, rejeta za ukutani zinazopitisha maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 80 kupasha vyumba joto. Wapakaji wa huko wanahangaika na mambo tunayoyajua: glosi nyeupe ya mafuta inageuka njano kwa joto, na rangi ya fedha yenye chembe za alumini inapunguza joto linalotoka, maana uso wa metali hautoi mionzi ya joto vizuri kama rangi ya kawaida. Nyeupe na nyeusi, kwa joto la kiasi hicho, hutoa karibu sawa.

Kwetu, glosi nyeupe inageuka njano pia, lakini zaidi gizani. Mlango mweupe uliofunikwa na pazia, au ndani ya kabati la chuma, unageuka njano kabla ya ule unaoona mwanga. Kama ni nyeupe unayotaka mahali pa giza, chagua maziwa au krimu tangu mwanzo.

Kwa bomba la moshi, mlango wa oveni ya mkate au eksozi ya jenereta, rangi ya kawaida itaungua, itoe harufu na kuachia. Inahitajika rangi ya kuhimili joto, iliyoandikwa nyuzi zake kwenye kopo, na ipakwe juu ya chuma kitupu kilichosuguliwa. Redoksaidi ya kawaida ikiwa chini yake ndiyo itakayoungua kwanza. Rangi hizo nyingi hukomaa kwa moto, kwa hiyo mara ya kwanza washa polepole, milango ikiwa wazi.

Nje, jua linafifisha nyekundu kali kuliko rangi nyingi nyingine. Kahawia na maruni zitokanazo na unga wa oksidi ya chuma hudumu rangi yake miaka mingi, na kwa vumbi letu jekundu zina faida nyingine: halionekani sana. Kama mwenye nyumba hajafunga moyo wake kwenye nyeusi, ningemshauri kahawia ya nusu glosi.

Chini ya geti

Mageti mengi ya mji huu hayafi kwa rangi mbaya, yanafia miguuni. Nyumba zimejengwa kwenye miteremko, na mvua ikinyesha maji yanashuka na tope hadi kwenye kizingiti. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya geti na ardhi, na uweke zege au kokoto mbele yake ili matone yasirushe udongo. Kabla ya praima, toboa tundu la milimita 8 chini ya kila paipu ya mraba ya kusimama na ufunge vichwa vyake juu. Maji yanayoingia kwa juu na kukosa pa kutokea yanaoza paipu kutoka ndani, na rangi ya nje inakuwa haina habari mpaka siku chuma kinapotoboka. Pale bati linapokutana na fremu kwa maungio ya kurukaruka, ziba mwanya kwa chomelea kamili au kwa silikoni inayopakika rangi, maana mwanya huo unanywa maji. Pini za bawaba zisipakwe rangi. Weka girisi.

Mvua zinapokata kila mwaka, osha geti kwa maji na sabuni ya kawaida na kitambaa laini, bila brashi ngumu kwa mati. Tazama futi moja ya chini, maungio, na sehemu ambapo komeo linasugua. Mchubuko uliofika kwenye chuma usugue kwa msasa namba 120 hadi uone chuma cheupe, gusa kwa praima mara mbili, kisha rangi. Akiba ya praima na rangi ihifadhi kwenye kopo dogo lililojaa karibu na mfuniko. Kopo kubwa lenye rangi kidogo chini hufunga ngozi ndani ya miezi michache kwa hewa iliyomo. Andika ubavuni jina la rangi, namba yake na mwezi ulioipaka.